Waya wa Chumba cha Bibi Mwamini

Vijana wangu, nikipita kwenye vibanda vyenu pale karibu na paki ya teksi Kasese, huwa nasimama nikijifanya natafuta betri ya tochi. Ukweli ni kwamba natazama nyaya. Mnazo nyaya za spika zimekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, plagi zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Mteja anachagua, anaondoka, na hakuna aliyeungua kidole. Siwalaumu. Ningekuwa na umri wenu ningefanya hivyohivyo. Lakini mmeniuliza mara nyingi sisi tulifanyaje, na tangu nilipostaafu mikono yangu haina kazi kubwa zaidi ya kumenya ndizi za matoke, basi kaeni niwaambie. Sitafuata mpangilio sana. Nikikumbuka kitu katikati nitakisema palepale.

Mimi Biira, mtoto wa wakulima wa Nyakiyumbu, sikwenda kujifunza kazi ya redio. Nilikuwa nasuka vikapu na kuviuza sokoni Bwera. Siku moja akaja mbele ya vikapu vyangu mtu mrefu aliyevaa kaptura ya jeshi iliyopauka. Kila mtu Bwera alimjua: Afande Kule, aliyekuwa mtu wa simu za jeshi katika vita vya Hitla, sasa fundi wa redio na gramafoni nyuma ya duka la cherehani. Akachukua kikapu, akakigeuza chini juu, akakagua mafundo.

"Nani nafunga hii?"

"Mimi, afande."

"Kesho wewe kuja kwangu. Saa mbili."

Mimi nilifikiri nimepata oda. Kesho yake nilifika kwake na vikapu ishirini kichwani. Akavitazama, akanitazama, akasema, "Weka chini. Mimi nataka mikono tu."

Shida yake ilikuwa hivi. Bwana Ramadhani, mfanyabiashara wa Bwera mwenye malori mawili ya kubeba kahawa na chumvi ya Katwe, alikuwa amenunua redio yenye gramafoni ndani yake, kubwa kama kabati la nguo. Bwera haikuwa na umeme wakati ule, kwa hiyo ilikula betri ya lori. Bwana Ramadhani alikuwa na mama yake, Bibi Mwamini, aliyeanguka kisimani akavunjika nyonga. Alikuwa amelala kitandani zaidi ya mwaka mzima, katika chumba kilichokuwa nyuma ya nyumba kubwa, ng'ambo ya ua. Mtoto wake alitaka awekewe spika ya pili huko chumbani, asikie kisomo na nyimbo kama watu wengine. Afande alivuta waya kutoka sebuleni hadi ukingoni mwa ua, akakwama. Huko ndani ni kwa wanawake, na mwanamume wa nje hapiti. Alihitaji fundi mwanamke. Kutoka Bwera hadi Fort Portal hakuwepo hata mmoja, basi akaamua kumtengeneza.

Niwaambie kwanza kazi yenyewe, kwa sababu ndiyo mliyoniuliza.

Waya tuliokuwa nao ulikuwa wa simu za jeshi, ambao Afande aliununua mnadani, gurudumu zima. Ulikuwa mwembamba. Ukiupeleka mbali hivyo hivyo ulivyo, spika inatoa sauti ya mtu aliyeshinda na njaa. Kwa hiyo tuliweka nyuzi mbili za kwenda na mbili za kurudi, nne kwa jumla, kisha tukazisokota pamoja. Unafunga ncha kwenye msumari wa mlango, ncha za upande wako unazibana kwenye mdomo wa keke, ile ya seremala ya kutobolea mbao, unarudi nyuma mpaka waya ukaze, halafu unazungusha polepole. Nasema polepole! Ukiharakisha utapata msokoto mkali hapa na mlegevu pale, na waya wa namna hiyo haulali. Utajikunja kama nyoka aliyepigwa. Kipimo changu kilikuwa kidole gumba: kila mzunguko mmoja, upana wa kidole gumba.

Nilimuuliza Afande kwa nini tunahangaika kusokota. Akanieleza kwa namna yake: "Waya mbili nalala mbalimbali, nasikia kelele ya kila mtu. Waya mbili nakumbatiana, hapana sikia mtu." Nimesoma vitabu baadaye. Vimetumia kurasa nyingi, na havikusema zaidi ya hapo.

Juu ya waya tulizungushia uzi wa pamba, halafu tukapaka nta ya nyuki ili maji yasiingie. Uzi wa upande mmoja niliutia rangi nyekundu, ileile ya vikapu vyangu, ili ncha zisichanganyike. Msidharau jambo hilo. Miaka ya baadaye, hapa Kasese, nilimfungia karani mmoja spika mbili sebuleni, nikageuza ncha za spika moja kwa haraka zangu za Jumamosi. Ngoma kubwa ikapotea kabisa kwenye muziki. Karani akasikiliza, akaniambia kwa upole, "Mama Biira, mbona wimbo umekonda?" Spika zilikuwa zinasukumana, moja inakwenda mbele na nyingine inarudi nyuma. Nikageuza ncha, wimbo ukanenepa. Basi tia alama, hata kama unajiamini.

Nta nayo ilinifunza adabu. Nta tupu ikikauka hupasuka kwenye kona. Mimi, kwa akili yangu, nikaichanganya na samli ili ilainike. Ililainika ajabu. Panya wa Bwera wakaalikana. Siku ya tatu waya ulikuwa uchi kutoka mlangoni hadi jikoni.

Afande akauokota, akaunusa. "Wewe napika ama natengeneza waya?"

Nikasokota upya. Safari hii nta niliilainisha kwa utomvu wa mti, mchungu kiasi kwamba hata mimi nililia nikiushika.

Sasa niwaambie kosa langu kubwa, maana hilo ndilo lililozaa mambo yote.

Waya wa gurudumu lile ulikuwa umekatika vipande vifupi vifupi, hivyo njia nzima ilikuwa na maungio kumi na tisa. Kulehemu wakati ule ni kuweka kipande cha shaba chenye mpini kwenye sigiri ya makaa, kusubiri kipate moto, kusafisha ncha ya waya, kupaka utomvu mkavu wa msonobari, kisha kugusisha risasi ya kulehemu iyeyuke. Ni kazi ya subira. Afande alinikataza kitu kimoja tu: nisiguse tindikali ya mafundi bati. "Ile kwa ndoo. Hapana kwa waya." Hakueleza kwa nini, na mimi sikuuliza. Maungio yangu ya kwanza matatu yakanikataa, risasi ikawa inakunjana kama tone la maji juu ya jani la magimbi. Nikaenda kwa fundi bati sokoni, tuliyejuana naye, akanipa kichupa kidogo. Loo! Risasi ilitiririka kama chai. Niliona nimegundua siri ambayo jeshi zima la Mwingereza lilikuwa halijaijua. Nikamaliza maungio yote kumi na tisa kabla ya adhuhuri, nikayafunika kwa uzi na nta, nikanyamaza.

Afande akajaribu sauti. Ikatoka safi. Akasema, "Sawa." Kwa Afande Kule, hilo lilikuwa neno la sifa.

Bibi Mwamini alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho makali. Kwao kwa asili ni upande wa Kongo, Beni, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Spika ilipotoa sauti mara ya kwanza chumbani mwake, alisikiliza msomaji mpaka mwisho, akajipangusa uso kwa kanga, kisha akaniuliza, "Hii sanduku, iko nachoka?"

"Haichoki, Bibi. Betri ndiyo inayochoka."

"Basi wape hiyo betri chakula muzuri."

Tangu siku ile nikawa napita kwake kila wiki kuangalia waya. Ukweli waya haukuhitaji kuangaliwa kila wiki. Nilikuwa nakwenda kumsikiliza. Alikuwa amelala pale mwaka mzima, watu wanamletea uji, wanamsalimu, wanaondoka, na maneno yalikuwa yamemjaa.

Mvua zikaja, miezi miwili mitatu ikapita, na ikafika harusi ya mjukuu wake, Saida, binti wa Bwana Ramadhani. Ndoa ingefungwa alasiri sebuleni, mbele ya wanaume, na Bibi Mwamini alikuwa amemlea Saida kwa mikono yake. Bwana Ramadhani akatuita. "Nataka mama asikie kila neno. Kila neno, mmenielewa?" Afande akaazima maikrofoni kwa mwalimu mkuu wa shule ya misheni, aliyeitoa kwa sharti kwamba irudi Jumatatu bila mkwaruzo. Tukaiweka mezani mbele ya sheikh. Tukajaribu asubuhi: safi kabisa. Mchana mvua ikanyesha kidogo, ikakatika.

Sheikh alipoanza, nilikuwa chumbani kwa Bibi pamoja na wanawake kumi hivi waliobanana kitandani na chini. Spika ilisema, "Bismillahi," ikakohoa, ikanyamaza.

Bibi Mwamini akanitazama. Mimi nikatoka mbio bila viatu.

Nilifuata waya chini ya paa nikitikisa ungio moja baada ya jingine. La kumi na moja, nyuma ya jiko, lilinivunjikia mkononi. Nikabandua nta. Ndani shaba ilikuwa imegeuka kijani na kulika, inamomonyoka kama sukari iliyopata maji. Tindikali ilikuwa imekula polepole miezi yote ile, na mvua ikaisaidia. Nikaelewa palepale kwa nini ile ilikuwa kwa ndoo.

Sigiri ya kulehemu ilikuwa kwa Afande, mbali. Sheikh hawezi kuambiwa angoje. Kulikuwa na kinu kimegeuzwa pale ukutani. Nikapanda juu yake, nikakwangua ncha mbili kwa meno, nikazibana pamoja kati ya kidole gumba na cha shahada. Ndani ya chumba spika ikafufuka. Nilisikia wanawake wakipumua kwa pamoja.

Nyinyi mtauliza kama sikurushwa na umeme. Umeme wa waya wa spika ya namna ile ulikuwa mdogo, hauumi. Lakini msiniige upande wa nyuma wa redio za zamani za taa, zile zenye vioo vinavyowaka ndani. Ule umewazika mafundi niliowajua.

Nilisimama hivyo harusi nzima. Nikilegeza kidogo, sauti inakatika na wanawake wanapiga kelele, nikibana, inarudi. Wapishi walipita na sinia za pilau. Mmoja akasimama.

"We dada, unafanya nini juu ya kinu?"

"Nimeshika harusi," nikamwambia. "Usiniguse."

Dirisha la Bibi lilikuwa karibu na kichwa changu, na yeye, alipojua niko pale na maneno ya spika hayanifikii vizuri, akaanza kunipa habari.

"Sheikh iko nakohoa!"

"Ndiyo, Bibi."

"Sasa naita jina ya Saida! Jina yote, na ya baba, na ya babu!"

"Ndiyo, Bibi."

"Sasa wanauliza kijana. Eh! Iko nanyamaza. Sema, mutoto, sema!" Kisha vigelegele vikapasuka na Bibi akapiga kelele kuliko wote: "Amekubali! Biira, amekubali!"

Nililia juu ya kile kinu, vidole vyangu vimekufa ganzi. Nilidhani kazi imekwisha, lakini hakuna aliyeniambia niachie, basi nikaendelea kushika. Wanawake wakatoka kwenda kula. Dirishani kukawa kimya muda mrefu.

"Bibi? Waya umekatika?"

"Apana. Nyamaza. Niko nasikia."

Nikakaza vidole. Baada ya kitambo sauti yake ikatoka dirishani, ndogo, si ile ya mwanzo. "Achilia, mutoto. Inatosha."

Nilipoingia nilimkuta amegeukia ukuta. Akasema amechoka. Nikadhani ni furaha ya siku kubwa.

Afande alilikagua lile ungio jioni ile ile. Akalinusa. "Tindikali," akasema. Nilisubiri kelele za jeshi. Nilikuwa tayari nimejiona narudi sokoni na vikapu ishirini kichwani. Badala yake akanipa mkasi.

"Kata yote. Kumi na tisa. Tengeneza ingine."

"Afande, unanifukuza?"

"Mtu nakosa, halafu nashika waya saa nzima na mkono yake? Mimi nafukuza huyo, nabaki na nani? Hapana leta maneno. Kata."

Nikaanza upya, kwa utomvu wa msonobari, na risasi ikanitii kwa sababu safari hii nilisafisha ncha mpaka zikawaka. Siri ya kulehemu haimo kwenye dawa, vijana. Imo kwenye usafi na joto. Waya mchafu hukataa kila kitu.

Siku ya tatu nilikuwa nimekaa sakafuni sebuleni, watu wa nyumba wako dukani. Nilikuwa nimechomoa waya kutoka kwenye redio na kuunganisha mahali pake kisikilizio cha sikio cha simu ya jeshi, ili nisikilize kama kuna mkwaruzo kwenye maungio mapya. Nikaweka sikioni. Nikasikia mtu anaongea.

Nilikitupa chini. Kisha nikakiokota. Sauti ilikuwa ndogo kama ya sisimizi, lakini ni yeye, Bibi Mwamini, anaongea peke yake ng'ambo ya ua.

"Beni. Beni nitafanya nini? Dada yangu alikufa. Watoto yake siwajue. Watanilaza kwa nyumba ya watu..."

Nilikimbia hadi kwa Afande. Hakushangaa. "Spika na maikrofoni ni ndugu," akasema. "Moja nasema, moja nasikia. Ukigeuza, nageuka." Jeshini waliwahi kufanya hivyo walipoishiwa na maikrofoni. Mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Nikarudi kwa Bibi, nikakaa ukingoni mwa kitanda. "Bibi, nani anakupeleka Beni?"

Akanikazia macho. "Nani alikuambia?"

"Wewe mwenyewe. Nimekusikia kwenye waya."

Ndipo akanisimulia. Siku ya harusi, ndoa ilipokwisha, hakuna aliyeizima maikrofoni. Bwana Ramadhani na wazee wakaendelea kuzungumza mbele ya maikrofoni hiyo. Reli ilikuwa inakuja Kasese, kila mwenye biashara alikuwa anahamia huko, naye alikuwa ameshaanza kujenga nyumba na duka. Na mama? Mmoja akasema mama hawezi maisha mapya, bora arudi kwa ndugu zake Beni, akapumzike kwao. Mwingine akaafiki. Mwishowe Bwana Ramadhani akasema, "Labda ni kweli." Jumapili ya pili wangekaa tena kupanga siku ya lori.

"Kwa nini usimwambie, Bibi? Anakuja kukusalimu kila asubuhi."

"Anakuja na kofia mukononi, 'Mama umeamkaje,' na lori iko nanguruma inje. Nikifungua mudomo, anasema 'Pumzika, mama.' Mambo inasemwa kule." Akaonyesha sebuleni kwa kidevu. Kisha akaitazama spika, akanitazama mimi. "Kama wewe ulinisikia, Ramadhani naweza kunisikia?"

Nilimpelekea Afande swali lile. Akageuza bisibisi mkononi. Bwana Ramadhani alikuwa mteja wake mkubwa kuliko wote. Akainuka, akafungua sanduku, akatoa spika ndogo ya redio iliyokufa na transfoma moja, akaviweka mezani mbele yangu.

"Mimi sikuona kitu," akasema, akaenda kunywa chai.

Spika ndogo na transfoma yake ningeviweka chumbani kwa Bibi viwe maikrofoni, na waya wa pili ungerudi hadi kwenye redio, upande wa gramafoni. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Waya wa kupeleka sauti kwa spika ni kama mto, una nguvu, haujali kelele ndogo. Waya wa kuleta sauti ya mtu kutoka kwenye spika ndogo ni kama kunong'ona sokoni. Ile redio ya betri ilikuwa na kitetemeshi ndani, kifaa cha kukuza umeme wa betri, chenye mlio wa nyuki, na mlio huo uliingia kila mahali. Tulijaribu Ijumaa, wanaume wote wakiwa msikitini. Saida alikuja kumtembelea bibi yake, akakaa sebuleni kusikiliza.

"Nasikia nyuki," akasema. "Na nyuma ya nyuki, kama kuku."

"Yule kuku ni bibi yako."

Nikausokota waya upya, safari hii nusu ya upana wa kidole. Nikatafuta masanduku ya majani ya chai nyuma ya duka, yale ya mbao yenye karatasi ya madini ndani, nikakata vipande virefu kama utepe, nikauviringishia waya wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, kila mzunguko ukikalia nusu ya mwenzake. Juu yake uzi wa shaba ulio uchi, juu tena kitambaa na nta. Uzi ule wa shaba niliufunga kwenye chuma cha redio upande wa sebuleni tu. Upande mmoja, kumbukeni. Nilipoufunga pande zote mbili mlio ulirudi. Siku nne nilisuka. Sijawahi kusuka kikapu chochote kwa makini namna ile. Tulipojaribu tena, Saida akasema, "Yuko hapa. Kama amekaa kwenye kiti hiki."

Jumapili wazee wakaja, watano. Bwana Ramadhani akaniita nikae karibu na redio, wapate kusikia taarifa ya habari kabla ya mazungumzo, maana kile kifundo cha kutafutia stesheni kilikuwa kinajua mkono wangu tu. Nilikuwa nimepatana na Bibi hivi: spika yake kubwa ikinyamaza, aanze kusema kwa nguvu kwenye ile ndogo. Zikiwaka zote mbili pamoja zinapiga ukelele wa kuua mtu.

Nilifungua redio kwa taarifa ya habari. Habari zilipokwisha, nilichomoa waya wa spika kubwa ya chumbani, nikageuza kifundo upande wa gramafoni.

"Ramadhani."

Wazee wote watano waliigeukia redio.

"Ramadhani, mutoto yangu. Miye sikufa. Niko hapa nyuma ya ukuta, nawasikia."

"Astaghfirullah," mzee mmoja akasema, akasogeza kiti nyuma.

"Mulisema Beni. Beni nani ananingoja? Mulisema mama hawezi barabara ya Kasese. Beni ni mbali kupita Kasese! Nani alipima?" Akapumua, na pumzi yake ikajaa sebule nzima. "Nyumba ya Kasese miye naitaka. Nataka kusikia ile gari moshi. Nataka kukalia karibu na Saida akizaa. Kama mutanipeleka Beni, muniulize kwanza, na miye nitasema apana. Sasa mumesikia."

Bwana Ramadhani alisimama mbele ya redio, mikono imening'inia. "Mama," akaiambia redio. "Mama, mimi..."

"Bwana, hakusikii," nikasema kwa sauti ndogo. "Waya huu unaleta tu. Haupeleki."

Akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona, akatoka mbio na soksi zake. Tulisikia mlango wa ua ukigonga. Kisha tukasikia, kutoka ndani ya redio, mlango wa chumbani ukifunguliwa, na sauti ya mtu mzima mwenye malori mawili ikisema, "Mama, nisamehe," na kuvunjika.

Nikazima.

"Mbona umezima?" akauliza yule mzee aliyekuwa amesogeza kiti, sasa amekirudisha mbele kabisa.

"Betri imekwisha," nikamjibu. Ilikuwa imejaa tele. Lakini mambo mengine fundi hapaswi kuyasikia, wala wazee watano.

Bwana Ramadhani hakunisemesha wiki mbili. Nilipokutana na lori lake barabarani niliangalia pembeni. Afande naye alikuwa anakohoa tu kila jina lake likitajwa. Nilijiona nimewaharibia wote wawili.

Halafu asubuhi moja dereva wake akaja kunichukua. Tukateremka hadi Kasese, vumbi mpaka kwenye kope. Nyumba mpya ilikuwa bado inanuka chokaa, viti vimewekwa ukutani vikiwa vimefunikwa magunia, redio ile kubwa katikati ya chumba kitupu. Bwana Ramadhani alikuwa anapima sakafu kwa hatua zake. Bibi Mwamini alikuwa ameletwa jana yake, godoro juu ya marobota ya pamba, na dereva aliniambia aligombana naye njia nzima kwa mwendo wake.

Bwana Ramadhani hakunisalimu vizuri. Alinyoosha kidole. "Mabomba bado, dari bado, duka bado. Wewe anza na chumba cha mama."

"Ndiyo, Bwana. Nimpelekee waya kama ule wa mwanzo wa Bwera?"

Akatazama mlango wa mama yake. Ulikuwa wazi, na kutoka ndani mtu alikuwa anamfokea mwenye uji.

"Vuta miwili," akasema. "Mmoja wa kumpelekea, na mmoja wa kutuletea."

Nikatoa keke kwenye kikapu, nikafunga ncha kwenye msumari wa mlango, nikaanza kurudi nyuma polepole.